Chaki ya Bluu Kwenye Tairi za Shemeji

Nilianza kumshuku shemeji yangu kwenye kona ya tatu. Ni mume wa mdogo wangu wa kike, mtu mpole, mwenye duka la rangi na misumari pale Kabeza, hapa Kigali, na gari lake ni kuukuu kuliko langu. Tulikuwa na wenzetu wachache kwenye kipande cha lami nje ya mji, kimefungwa kwa ruhusa, tukishindana mbio, gari moja baada ya jingine, mmoja wetu kashika saa. Mimi kona ile niliipita nikikanyaga breki na kusali. Yeye aliipita kama anakwenda kununua mkate.

Kikundi chetu ni cha magari ya kila siku. Gari unaloendea kazini ndilo unaloshindania, na ndilo linalokurudisha nyumbani. Kwa hiyo tairi laini za mashindano, zile zinazong'ang'ania lami na kuisha upesi, hazitakiwi. Lakini laini ni ipi? Hapo ndipo tulipogombana.

Tulikutana Gisozi, kwenye karakana ya mwenyekiti wetu, fundi seremala, tukakaa juu ya makochi ambayo hayajavishwa kitambaa. Mwenyekiti alitaka orodha: aina hizi ruksa, zile marufuku. Katibu wetu, muuguzi anayeishi Kibagabaga, alitaka tusome namba iliyo ubavuni mwa tairi, ile inayoonyesha inachukua muda gani kuisha. Shemeji alizikataa hoja zote mbili.

"Listi ya nini?" alisema. "Hapa mutu ananunua tairi yenye imefika. Leo iko hii, kesho haiko. None se, sasa tukimbie na miguu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza kwa nini mtu mwenye tairi safi anaogopa orodha.

Mimi ni fundi cherehani, kama baba na babu yangu, na kazi hii imenifundisha kutazama mishono ya watu. Nikatoa hoja yangu: tairi za Jumapili ya mashindano ziwe zilezile ulizotembelea wiki nzima. Anayebadilisha bila kutoa taarifa, nje. Waliipenda kwa kuwa ilikuwa fupi. Shemeji naye aliinua mkono kukubali, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Hakuna aliyeuliza tutajuaje.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Jumatano nilikwenda kwao kula chakula cha mchana. Mdogo wangu alikuwa jikoni, shemeji yuko dukani na mteja, gari liko uani. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilikuwa na chaki yangu ya kukatia nguo, ile ya bluu, maana nyeupe ingeonekana. Nikachora mstari mdogo kwenye kila tairi, karibu na tundu la upepo. Ilikuwa kiangazi, mvua hakuna, mstari ungekaa. Kisha nikaingia ndani, nikala wali na maharage ya mdogo wangu, nikaomba kuongezewa.

Jioni nilichora na za kwangu vilevile. Nilitaka mtu akija kusema nimemwonea, nimwonyeshe. Nilijiona muungwana sana.

Jumapili magari yalipangwa kando ya barabara, yanang'aa kiasi kwamba ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye milango. Nikapita kwenye la shemeji. Tairi ya kwanza, hakuna mstari. Ya pili, hakuna. Zote nne hazina kitu. Sitaficha: nilifurahi. Kisha ndipo nikakumbuka kuvaa uso wa huzuni na kumwita mwenyekiti.

Nilieleza yote, mbele ya shemeji mwenyewe, mbele ya watu. Mwenyekiti akainama, akatazama, akajikuna.

"Sasa wewe muramu wake, shemeji yake, unasema nini?" akamwuliza.

Shemeji hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Uliandika tairi yangu? Kwangu? Siku ile ulikuja kukula?"

"Ndiyo," nikasema. "Na mstari uko wapi?"

Nilimsubiri abishe. Laiti angebisha! Alichukua kofia yake ya chuma, akaiweka kiti cha nyuma, akafunga mlango polepole. "Oya, hapana, mukimbie tu," alisema, akaondoka. Nami kuondoka kule nikakuhesabu kuwa ushahidi. Katibu akamkata jina. Siku hiyo nilishika nafasi ya kwanza, mara yangu ya kwanza, na nikapigiwa makofi.

Kesho yake asubuhi nilihisi usukani unavuta kushoto. Nikashuka nipime upepo. Nikafungua kifuniko cha tundu.

Hapakuwa na mstari. Nikazunguka gari lote nikiwa nimechuchumaa, wateja wangu wakinitazama kutoka kibaraza cha cherehani. Tairi zangu, zilezile nilizonunua mwenyewe, hazikuwa na hata chembe ya bluu.

Jumamosi nilikuwa kinamba, pale wanapoosha magari. Nililipeleka gari likaoshwa kwa mpira wa maji, likapakwa povu mpaka chini ya mabawa, hadi kwenye tairi, kama kila mtu wa Kigali anavyofanya kabla ya kujionyesha mahali, maana humu mjini gari lenye vumbi ni aibu ya ukoo mzima. Magari yote yale yalikuwa yanang'aa, nami niliyatazama nikaona milango tu. Niliwaza mvua. Kinamba sikukiwaza.

Sikungoja mchana. Nilikwenda Kabeza, nikamkuta dukani anampimia mtu misumari, nikamwambia yote, na za kwangu pia. Aliniomba nikae. Alinipa soda. "Nilitoka kinamba Jumamosi, eeh," alisema. "Lakini ungeniuliza, shemeji. Ningekwambia." Nilimwomba radhi hadi mdogo wangu akaniambia basi. Jioni hiyo niliwapigia simu mwenyekiti na katibu, jina lake likarudishwa, sheria yangu ikafutwa. Orodha bado wanaibishania.

Yeye kwenye mashindano hakurudi. Anasema duka lina kazi nyingi. Kwao naenda kama zamani, nakula, tunacheka, ananisindikiza hadi nje. Ila kila ninapoondoa gari, huwa namwona kwenye kioo. Haniangalii mimi ninavyokwenda. Ameinama kando ya gari lake, anakagua tairi moja moja.