Rangi ya Viganja vya Hamisi

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, mama yangu aliondoka nyumbani kwetu Kasingirima kwa sababu ya karoti. Nikiwaambia watu hivyo hucheka kwanza, kwa hiyo siku hizi sisemi sana.

Mama alikuwa mtu wa Kasulu, kule juu ambako karoti na kabichi hustawi. Baba ni wa Ujiji, na tuliishi nyumba moja na mama yake, Bibi. Mama aliuza mboga barazani. Mjomba alimletea gunia la karoti kutoka kwao, na zile zilizopinda au kuvunjika, ambazo wateja hawakuzitaka, alitupikia sisi.

Mdogo wangu Hamisi alikuwa na mwaka na miezi kadhaa, mwili mdogo, macho hayaishi tongotongo. Siku ya kupima uzito kliniki, nesi alimwambia mama asihangaike, dawa iko kwenye genge lake mwenyewe. Karoti, alisema, mwili huigeuza ile rangi yake kuwa vitamini A, na hiyo husaidia macho kuona hata mwanga ukiwa hafifu, hulinda ngozi, na humpa mtoto nguvu ya kupambana na maradhi. Aipike ilainike, aiponde, atie mafuta kidogo ili mwili uichukue vizuri. Mama hakusoma mbali, na neno la mtu mwenye sare nyeupe alilibeba lote kama lilivyo. Kuanzia hapo Hamisi alikula karoti asubuhi, mchana na jioni, zimepondwa na kuungwa kwa mawese.

Bibi hakupenda. Aliamini kwamba mtoto ambaye meno hayajamaliza kuota halishwi kitu chekundu kilichochimbuliwa ardhini.

"Ardhi ina rangi yake," alimwambia mama. "Ukimpa mtoto, ataitoa mwilini watu waione."

"Mbona muhogo tunampa, Mama? Nao unachimbwa."

"Muhogo ni mweupe."

Mama akasema sawa. Kisha akaendelea kumlisha nyuma ya nyumba, Bibi akiwa amejilaza baada ya swala ya adhuhuri. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni kuangalia. "Zena," aliniambia, "hili ni letu wawili." Hamisi alinenepa kweli. Macho yakakauka, akaanza kutembea akishika ukuta.

Asubuhi moja Bibi alikuwa akimnawisha mikono, akageuza viganja vyake juu. Vilikuwa vya manjano. Akatazama nyayo, nazo manjano. Ncha ya pua pia. Majirani wawili wakaitwa, wakamshika Hamisi mkono mmoja mmoja, wakawa wanaulinganisha na wa kwao. Bibi akanivuta pembeni. Alizoea kuniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu, mama yako anamlisha nini huyu?"

Hakunitisha wala hakunipiga. Aliuliza kwa upole tu.

"Karoti," nikasema. "Kila siku. Nyuma ya nyumba."

Nakumbuka nilifurahi kuulizwa jambo na mtu mzima.

Mama alimbeba Hamisi mgongoni akaenda naye kliniki. Aliporudi, sote tulikuwa sebuleni, na baba alikuwa ndiyo kwanza ameingia. Mama alieleza akiwa amesimama, mtoto bado mgongoni.

"Nesi amemfunua macho, ni meupe. Ingekuwa homa ya manjano au ini, anasema, macho yangebadilika. Huyu haumwi. Ni rangi ya karoti imezidi, na mawese yameongezea. Nipunguze, itaondoka yenyewe."

"Basi nesi na mimi tumesema jambo moja," Bibi akasema. "Ni karoti."

"Ndiyo, Mama, lakini haina madhara..."

"Nilikukataza. Ukaficha."

Baba alikuwa akifungua kamba za viatu. Alifungua cha kwanza, akafungua cha pili, akavipanga ukutani.

Akaitwa mzee mmoja wa mtaani aliyeandika kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, Hamisi akanyweshwa yale maji. Akaweka na mwiko. Siku arobaini mtoto asile chekundu chochote, si karoti, si boga, si papai, si mawese. Na aliyemlisha akae mbali naye mpaka ziishe. Mama alinisuka nywele, akafunga begi, baba akampeleka stendi. Sikulia. Nilirudi kucheza.

Siku arobaini zilipokwisha, manjano ilikuwa imefifia. Mwezi mwingine ukapita, viganja vikawa kama vya mtoto yeyote. Majirani walikuja kuviona, wakamsifu yule mzee. Baba hakukataa kumfuata mama. Alisema ataenda wiki ijayo, na alisema hivyo wiki nyingi. Baadaye talaka ikapelekwa Kasulu. Mama akaolewa huko huko.

Sasa nina binti wangu. Nilipompeleka kupimwa uzito, nesi mwingine kabisa akatueleza kinamama habari za karoti, karibu kwa maneno yale yale. Akaongeza kwamba zikizidi sana mtoto hupata umanjano viganjani, tusiogope. Nilikaa kwenye benchi nikasikiliza hadi mwisho, nikaitwa jina, nikaenda kwenye mizani. Hamisi anabeba dagaa ufukweni Kibirizi siku hizi, mtu wa miraba minne, na karoti hagusi. Anasema ziliwahi kumdhuru.

Mwezi uliopita mama alikuja kumwona mjukuu wake. Alikuwa akikunja nguo za mtoto nilipomwambia.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia Bibi."

"Najua," akasema. "Alikuwepo nani mwingine?"

Akakunja nyingine, akainyoosha kwa kiganja. Kisha akauliza kama gari la Kasulu bado linatoka saa mbili asubuhi.

Bibi alishafariki. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda Hamisi kuliko sisi sote. Aliona rangi, akasema imetoka kwenye karoti, na kweli ilitoka huko. Nimejaribu kumkasirikia, na baba, na mimi mwenyewe, lakini hasira haiji. Ninafua, ninapika, ninamlaza mtoto. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ile pale sebuleni sote tulikuwa tunaangalia mikono ya Hamisi iliyoning'inia begani mwa mama. Viganja vile naviona mpaka leo, na mistari yake. Uso wa mama wa siku ile nautafuta, siupati, kwa sababu sikuutazama.