Pakiti ya Rafu ya Juu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nilipofika kwenye nyumba hii ya Al Thumama, huku kwa Waarabu nilikokuja kufanya kazi za ndani, kitu cha kwanza nilichokikagua ni kile kidude cheupe kilichobandikwa kwenye dari ya jikoni, chenye kitaa chekundu kinachopepesa. Madam aliniambia ni cha kunusa moshi. Huu ni mwaka wa tatu, na hadi leo nikitaka kujikuna mahali pasipofaa, nakipa mgongo kwanza.

Nilikuwa na sababu. Siku hiyohiyo ya kwanza Madam alinieleza kwa nini msichana aliyenitangulia alirudishwa kwao. Hakuiba dhahabu. Vitu vidogo tu vilikuwa vikipungua, sabuni, marashi, kopo la maziwa, na kila akiulizwa anasema hajui. "Kupungua si kitu," Madam akasema. "Kuniambia hujui ndiko kulikonichosha." Nikaitikia vizuri, nikaenda kupanga nguo zangu nikijua nimeonywa. Visa yangu iko chini ya jina la mume wake. Wakisema basi, ni basi. Napelekwa kwenye uwanja ule ambao ndege zake zinapita juu ya paa letu mchana kutwa, na binti yangu aliye shule ya bweni Kenya anarudishwa nyumbani katikati ya muhula.

Madam ni mtu wa Kolombia, mwalimu wa hesabu. Siku zote za wiki napika mimi, lakini Ijumaa asubuhi jikoni ni kwake. Ijumaa ni siku ya arepa. Kwa asiyezijua, ni vimkate vya mahindi, vya mviringo, vinene kuliko chapati, vyenye jibini ndani, vinavyookwa juu ya kikaango kikavu mpaka vipate ngozi ya kahawia. Jibini ya kwao haipatikani hapa, kwa hiyo hununua akawi, ile jibini nyeupe ya Waarabu, akailoweka kwenye maji tangu Alhamisi ili chumvi itoke. Kisha anaikwaruza, anaitia kwenye unga na siagi kidogo, anamwagia maji ya uvuguvugu, anakanda kwa mkono mmoja huku akizungumza na bintiye wa miaka sita. Hapimi kitu. Anatengeneza tonge, analizungusha, analipigapiga viganjani, na ukingo wake unatoka laini, hauna hata ufa. Mimi nimesonga ugali tangu nikiwa mfupi kuliko jiko, nami nilikuwa nikisimama kwenye sinki na kujifanya naosha vyombo ili nimtazame.

Unga wenyewe ulikaa rafu ya juu kabisa ya stoo. Ulikuwa umeletwa na dada yake ndani ya sanduku la nguo, kwa sababu siku hizo haukupatikana katika duka lolote alilolijua. Kwenye pakiti kulikuwa na picha ya hindi na maandishi ya Kihispania. Hakuna aliyenikataza kuugusa. Wala hakuna aliyeniruhusu.

Jumamosi moja wakaenda baharini, wote watatu, wakaniacha na mafua. Unga wangu wa ugali ulikuwa umeisha. Kwa wiki tatu nilikuwa nimekula wali, nikatafuna mikate ya Kihindi, nikanywa supu ya dengu, na siku hiyo mwili wote ulikuwa unadai ugali. Sukuma wiki nilikuwa nayo kwenye friji. Nikaitazama ile pakiti. Mahindi si mahindi tu? Nikapanda kwenye stuli.

Maji yakachemka, nikamwaga unga, na hapo hapo nikaona mambo. Kabla sijashika mwiko vizuri, unga ulikuwa umeshanywa maji yote na kuwa mabonge mabonge. Nikaponda, nikaongeza maji, wapi. Nikautupa. Nikaanza upya, safari hii nikiukoroga kwanza kwa maji baridi, na ukatoka ugali wa ajabu, unaonata kama gundi, usio na ile harufu ya unga unaoiva. Niliula wote na sukuma, nikamlaumu Mkolombia kwa kukosa unga wa maana. Nilipokwenda kurudisha pakiti rafuni ndipo nikaona kwamba ndani hamna kitu.

Nikampigia rafiki yangu anayefanya kazi ya usafi hotelini na kuishi Al Rayyan. Huyu ni Mkenya mwenzangu, tulisafiri pamoja, na ndiye mtu pekee hapa ninayemwambia mambo yangu.

"Wee, usiseme kitu," akaniambia. "Ukisema umejimaliza, siz. Si huyo wa kwanza alifukuzwa juu ya maziwa? Mimi niko na unga hapa, ile ya kwetu kabisa. Nitapea dere wa basi yetu akuletee. Jaza hiyo pakiti, funga vile ilikuwa, uende zako."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Unga ni nyeupe, hiyo yake ni nyeupe. Kwani ataiuliza jina?"

Kufikia Jumatano pakiti ilikuwa imejaa pale pale ilipokuwa imefika zamani, nusu na kidogo, imekunjwa juu na kubanwa kwa kibanio kilekile cha bluu. Hata vumbi la rafu sikulifuta.

Ijumaa Madam akaingia jikoni akiimba. Akamwaga unga, maji, jibini. Akakanda. Wimbo ukakatika. Akaongeza maji, akakanda tena, akatengeneza tonge na kulipiga kiganjani, nalo likapasuka pande zote. Akalirudisha kwenye bakuli. La pili likapasuka. Arepa moja aliyoifikisha kwenye kikaango ilimomonyoka alipojaribu kuigeuza, jibini ikaungua peke yake pembeni. Alinyoosha mikono yake miwili mbele yake, akaitazama, upande huu na upande ule. Mimi nilikuwa nikisugua sufuria iliyokwisha kutakata. Mtoto alikula mkate wa dukani siku hiyo.

Kuanzia hapo nyumba ikabadilika, na mimi nikaanza kulala kwa jicho moja. Madam akawa anazungumza kwa simu huku amefunga mlango, Kihispania cha sauti ya chini, na nikipita anakatiza. Akaanza kubandika vikaratasi vya njano: kwenye friji, kwenye mlango, kwenye begi lake la shule. Sikuweza kuvisoma, ila niliona vina tarehe na saa. Nikajua ananiandikia kesi. Siku moja nikamkuta amesimama katikati ya stoo, mikono kiunoni, anazitazama rafu moja baada ya nyingine bila kuchukua kitu. Aliponiona akatabasamu kidogo, akatoka. Nilikaa humo dakika tano nikijiuliza ametazama rafu gani kwa muda mrefu zaidi.

Halafu yakaja maswali. "Jana nilikwambia nini kuhusu nguo za mtoto?" ananiuliza asubuhi. Mwingine angedhani ni swali tu. Mimi nilijua ni mtego: anapima kama maneno yangu ya leo yanafanana na ya jana. Nikawa najibu kwa uangalifu, kama shahidi mahakamani. "Ulisema nizifue tofauti na taulo, Madam." Naye anashusha pumzi, anasema, "Ndiyo. Ndiyo, nilisema hivyo." Nikamwambia rafiki yangu. Akanishauri nishikilie palepale.

Ijumaa ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Alitia maji mengi, ukawa uji. Akatia unga, ukawa changarawe. Mume wake akaja, akamshika bega, akamwambia jambo polepole, naye akautoa mkono wa mumewe na kutoka jikoni. Mume akabaki amesimama pale, akaniangalia. Nikaangalia sakafu. Nikasema moyoni, sasa wamekubaliana, kilichobaki ni siku ya tiketi.

Jumatatu nikifagia chumba chao nikakuta karatasi imeanguka nyuma ya meza ya kitanda. Sikuitafuta, ilikuwa hapo. Juu kulikuwa na nembo ya hospitali. Chini, kwa kalamu, alikuwa amechora saa: duara, namba kumi na mbili, mishale miwili. Pembeni orodha ya maneno matano hivi ya Kiingereza, ya vitu ovyo tu visivyohusiana. Niliigeuza mara tatu. Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, anachora saa kama mtoto wa chekechea, ya nini? Nami, kwa akili yangu ile, nikapata jibu: ni ratiba yangu. Anaandika naamka saa ngapi na nafanya nini. Ile nembo ya hospitali nikaiona karatasi ya kuokoteza tu. Nikairudisha kama nilivyoikuta, nikaenda kutoa sanduku langu chini ya kitanda na kupangusa magurudumu.

Ijumaa ya tatu aliniita. "Acha vyombo," akasema. "Simama hapa karibu yangu. Umenitazama nikitengeneza hizi arepa miaka miwili, najua unanitazama. Leo tazama kila kitu. Nikiruka hatua, niambie."

Nikasema kimoyomoyo, ndiyo hii. Atanifanya niseme mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikaikunja mikono na kusimama.

Akatia chumvi, akanigeukia. Nikatikisa kichwa kuwa sawa. Akatia maji, akanigeukia tena. Sawa. Alikuwa anafanya polepole, kila kitendo anakisema kwa sauti, na mkono uliozoea kukanda bila kuangaliwa sasa anaufuata kwa macho. Akapiga tonge. Likapasuka.

"Nimekosea wapi?" akaniuliza.

"Hukukosea, Madam."

"Usinionee huruma. Nimekosea wapi?"

Akaliweka lile tonge mezani, akavuta kiti, akakaa na mikono yenye unga mapajani.

"Mama yangu alianzia hapa," akasema. "Si kusahau majina, si kupotea njia. Alianza na arepa. Alizitengeneza kila asubuhi ya maisha yake, na asubuhi moja zikapasuka. Sisi tukacheka. Miaka miwili baadaye aliniita bibi, kama mgeni, na kuniuliza ninamtafuta nani." Akapangusa uso kwa mkono, unga ukabaki shavuni. "Nilidhani labda huu unga umezeeka. Dada yangu anao ulionunuliwa siku moja na huu, anasema wake uko sawa kabisa. Kwa hiyo ni mimi. Daktari amenichoresha saa, amenikaririsha maneno, anasema haoni kitu. Na kwa mama yangu hawakuona kitu mwanzoni."

Mume wake na mtoto walikuwa sebuleni, tulisikia katuni. Nilifikiria sanduku langu. Nilifikiria binti yangu na sare yake ya shule, sikatai, nilimfikiria vizuri sana, na nikamsikia rafiki yangu akisema ukisema umejimaliza. Halafu nikafikiria kila swali la nguo za mtoto nililomjibu kama shahidi, na jinsi alivyokuwa akishusha pumzi, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Madam, ni unga," nikasema.

"Nimekwambia, unga wa dada..."

"Huo si unga wa dada yako. Wa dada yako niliula mimi. Nilipika ugali siku mliyokwenda baharini. Huo ni unga wa kwetu, niliutia mimi kwenye pakiti ili usijue."

Hakuelewa mara moja. Aliinuka, akachota unga kidogo kwenye pakiti, akaunusa, akauramba. Akauramba tena. Baadaye alinieleza kwamba unga wao hupikwa kiwandani kwanza, kisha ukakaushwa na kusagwa, ndiyo maana unashikana kwa maji ya uvuguvugu tu, na wetu ni mbichi, ungekandwa hadi Krismasi usingeshika. Lakini wakati ule hakueleza chochote. Alisimama na unga kwenye ulimi, akinitazama.

"Wiki mbili," akasema. "Unajua wiki mbili hizi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namuaga mtoto wangu. Kila siku nikimvisha sare nilikuwa namuaga."

Nikasema samahani. Neno hilo lilikuwa dogo, nami sikuwa na lingine. Akaketi tena, akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio, akaita mume wake kwa sauti kubwa. Mume alipoingia mbio akamwambia kwa Kihispania, akininyooshea kidole, na mume akakaa sakafuni hapo hapo, mgongo kwenye friji, akajifunika uso. Nikaenda chumbani kwangu kufungasha. Nilikuwa nimefika kwenye viatu Madam alipokuja kusimama mlangoni.

"Rudisha hivyo," akasema. "Nimekasirika sana, na nitakasirika kwa muda. Lakini hukuniambia hujui."

Alikasirika kweli, karibu mwezi. Vikaratasi vya njano alivibandua siku hiyohiyo. Dada yake alileta pakiti nyingine, na moja ya ziada ambayo Madam aliiweka rafu ya chini, akaniambia hiyo ni ya kujifunzia. Sasa Ijumaa tunapiga matonge wawili, yake laini, yangu yenye kingo zilizochomoza kama masikio.

Ila amani kamili haikurudi, siwezi kudanganya. Ndani ya nyumba hii kitu kikiharibika, macho yanakuja kwangu. Na kuna Ijumaa, maji yakipungua kidogo au simu ikimkatiza, arepa inapasuka mkononi mwake kama inavyoweza kumpasukia mtu yeyote. Hapo hainyooshi tena mikono yake kuitazama. Ananigeukia mimi, jicho kali, anauliza, "Umefanya nini unga wangu?" Sijafanya kitu. Lakini sijitetei. Nainama kwenye sinki na kumwacha anishuku.