Mawese kwenye Amortiseri

Chekeni kwanza. Chekeni mmalize kabisa, ndipo nieleze, kwa sababu najua wengi wenu mlikuwepo pale bulvadini, barabara kuu ya mji, siku ile, na wale ambao hawakuwepo walisimuliwa na mashangazi zao, na hadithi imeshapanda treni mpaka Ubundu ikarudi imenenepa. Ndiyo, mimi ndiye mwenye gari lililoipigia serikali goti. Aibu ni yangu, bon, basi niacheni niisimulie mwenyewe.

Lilikuwa gari la mbio, jeupe, milango miwili, viti viwili, la tangu enzi ya Wabelgiji. Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa alimwachia tonton wangu, yaani mjomba, alipoondoka, na tonton akanipa mimi kwa sababu tumbo lake lilikataa kuingia nyuma ya usukani. Nawaambia kweli, nilikuwa nalitazama asubuhi kabla hata ya kunawa uso, na mlango wake niliufunga polepole kana kwamba ndani kuna mtoto amelala. Tatizo lake lilikuwa moja tu: lilikaa chini mno, springi zake zilikuwa zimechoka, na kila shimo la Kisangani (mnayajua mashimo yetu, mengine yana samaki) lilikuwa linalikwaruza tumbo, na maumivu nayasikia mimi.

Sasa wakati uleule nilikuwa nataka kumwoa Feza wa Kabondo. Baba yake, Papa Ramazani, alikuwa mtu wa Maniema, mrefu, mkimya, akikutazama unakumbuka hata dhambi ambazo hujatenda bado. Nilijikaza nikaenda kusema haja yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Ijumaa utanipeleka kwa dada yangu, kule Tshopo. Mwanaume namna anaendesha motokari, ndiyo namna ataendesha nyumba. Mi nitaangalia."

Basi. Feza wangu akawa amening'inia kwenye springi nne.

Nikatandika mkeka uani, nikapanga springi za aina tatu: za gari lenyewe, za teksi moja iliyokufa, na za kamioneti iliyokuwa inabeba mpunga kutoka Banalia. Nikamwita tonton asimame juu ya kila moja (uzito wake ungetosha kupimia meli), mimi nikawa napima kwa vidole. Ile ya gari ilizama vidole vinne, ya teksi ikazama viwili, na ya kamioneti haikuzama hata kidogo. Tonton, akiwa bado amesimama juu yake, akanionya.

"Twaa ya teksi, mutoto. Hii iko nguvu sana kwa gari nyepesi. Itakurusha, na amortiseri yako ya zamani haitaweza kuishika."

Amortiseri, kwa wasiojua, ndiyo ile inayoiambia springi basi, imetosha, tulia. Za gari lile zilikuwa za kizamani, vikopo vya chuma ambavyo unavijaza mafuta kwa juu, na mafuta yake maalumu yalikuwa yamepotea mjini siku nyingi. Lakini moyo ukipenda, masikio yanaziba. Nikazikata zile za kamioneti zitoshee, nikazifunga, gari likasimama kifua mbele, nikashika kichwa kwa uzuri wake. Na kwenye vile vikopo nikatia (chekeni tena) mafuta ya mawese.

Msiniite mjinga bado. Nililijaribu alfajiri ya Ijumaa, ukungu wa mto ungali barabarani, na haki ya Mungu sijawahi kuendesha kitu kama kile. Halikuruka, halikuyumba, mashimo yalikuwa yanapita chini yangu kama habari za watu wengine. Nilikwenda hivyo mpaka karibu na maporomoko, nikazima injini, nikakaa mle ndani peke yangu, maji yananguruma, mimi nusura nilie, nikiamini nimegundua kitu ambacho hata walioliunda hawakukijua. Nilichosahau ni kitu ambacho kila mama wa sokoni anakijua: mawese asubuhi na baridi yanaganda, jua likipanda yanakuwa maji.

Na Papa Ramazani, ambaye nilimtarajia asubuhi ileile, akasema atatoka baada ya sala ya Ijumaa, adhuhuri. Kwa hiyo gari likakaa nje ya msikiti, juani, linaiva.

Akatoka na kanzu nyeupe na kofia yake, akajikunja akaingia, magoti yakafika kidevuni. Tukaondoka. Kwenye shimo la kwanza gari likaruka, likaruka tena, likaendelea kuruka wakati shimo lenyewe tumeliacha mbali nyuma. Kisha mawese yakaanza kuvuja na kudondokea bomba la moshi, harufu ikajaa mle ndani.

"Kijana," akasema, "nani iko anakalanga samaki?"

"Ni majirani, Papa." (Majirani gani, na sisi tuko njiani tunakimbia!)

Alors, siku ile kulikuwa na mkubwa fulani ametoka Kinshasa, njia zote zimefungwa, na bulvadini kikundi cha animasyo, wale wa kukisifu Chama kwa nyimbo, kilikuwa kinamchezea mbele ya jukwaa, ngoma, vitenge vya Chama, watoto wa shule wamepangwa juani. Polisi akatusukumia hukohuko, "Pita mbio, pita!" nami nikapita mbio, na pale mbele ya jukwaa palikuwa na mfereji umekata barabara, nikafunga breki. Pua ya gari ikashuka mpaka chini, ikapanda, ikashuka, ikapanda, imemwelekea mkubwa mwenyewe.

Ngoma zikanyamaza. Umati mzima ukanyamaza, na nikajua nimekwisha, kwa sababu miaka ile ya chama kimoja kukidhihaki Chama hakukuwa mchezo. Halafu mpiga ngoma mmoja (sitamjua milele, Mungu ambariki) akaidaka ile mipigo ya gari, akaifuata, wachezaji nao wakaanza kuinama nalo na kuinuka nalo, na mkubwa akasimama ndani ya abakosi yake, suti ile isiyo na tai, akapiga makofi, akapaza sauti:

"Lisusu!"

Lisusu ni tena. Mtu gani angekataa? Nikarudi nyuma, matone mekundu yamejaa barabarani, mama mmoja akapiga yowe kwamba gari linatoka damu, nikaja tena mbio, nikafunga breki. Safari hii likainama zaidi, na lilipoinuka springi moja ikachomoka, ikaenda ikidunda yenyewe mpaka miguuni pa jukwaa, na gari likashuka upande mmoja, likapiga goti. Sijasikia shangwe kama ile tena. Mkubwa alivua miwani yake apate kuona vizuri, na mimi, katikati ya aibu yangu, niliduwaa, kwamba chuma kichakavu nilichokilisha mawese kimeuinua mji mzima.

Papa Ramazani akafungua mlango, akatoka mwenyewe, pindo la kanzu lina madoa mekundu ya mawese, kofia bado iko kichwani. Watu wakampisha, hata askari wakampisha. Akashika njia ya Tshopo kwa miguu, nami nikaliacha gari palepale, nikamfuata nyuma, nikijua Feza nimeshampoteza. Tulipokwenda mwendo mrefu akasimama, akageuka.

"Weye hapana jua kuendesha."

"Ndiyo, Papa."

"Lakini kila shimo, uliweka mukono kwa kifua yangu, nisianguke. Kisha ndiyo unashika usukani."

Sikuwa najua. Nawaapia, mkono huo siukumbuki hata leo.

"Feza nitakupa," akasema. "Kuendesha, ataendesha yeye."

Kumbe muda wote ule, katika kurushwa kote na kelele zote, mzee alikuwa anautazama mkono wangu tu.

Tangu hapo sichagui springi ya kitu chochote, hata ya kitanda, bila kumuuliza tonton, na mawese yangu yanaishia kwenye sufuria ya pondu. Feza alijifunza kuendesha mwaka uleule. Mimi nakaa kulia kwake, kimya, na akifunga breki mkono wangu unatoka wenyewe, nami nabaki nikiushangaa.