Gari Lililowashwa Kila Jumamosi

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua, Mama alijifuta mikono kwa leso aliyojifunga kiunoni, akachukua ufunguo kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, akaenda kuliwasha gari la Baba. Alikaa ndani robo saa, mikono magotini, dirisha amelishusha kidogo. Gari halikwenda popote. Mama hajui kuendesha na hakuwahi kutaka kujua. Kisha alilizima, akarudi ndani na kumwambia Baba, "Limewaka," naye Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Alifanya hivyo miezi kumi na minne, tangu Baba apigwe na kiharusi kilichomchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na karibu maneno yote. Neno lililombakia ni moja: "Nyumbani." Hakuwa na maana ya nyumba hii ya Buruburu, aliyoinunua akiwa bado kazini reli. Nyumbani ni kule magharibi, safari ya siku nzima, kwenye boma la babu yangu, ambako dada yake mkubwa bado yupo na kila wiki anapiga simu kuuliza kama atamwona tena ndugu yake angali hai. Shangazi mwenyewe ni mzee kumshinda Baba. Sote tulijua hesabu hiyo ilivyo.

Watu walijitolea kutuazima magari. Mama akakataa yote. "Mtu akiletwa nyumbani na ambulensi, au gari la kuazima, watu wanaanza kulia kabla mlango haujafunguliwa," alisema. "Atafika kwa gari lake, ameketi mbele, dirisha wazi, awapungie." Na Mama akishasema, amesema.

Kwa hiyo kazi ya gari ikaniangukia mimi. Mimi ndiye mtoto aliye karibu, na karibu kwa familia yetu ni mtaa wa Pipeline, orofa ya sita, lifti hakuna. Wiki nzima niko ofisini nikijibu simu za watu wenye hasira. Jumamosi na Jumapili ni za Buruburu: kumwogesha Baba, kumnyoa, kumgeuza, kumsikiliza Mama. Nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kuna siku nilifika kwenye kona ya korti yetu, yaani ule ua wa nyumba zinazotazamana, nikasimama kwanza, nikajifanya natafuta kitu mkobani, ili nipate dakika mbili za kutokuwa binti wa mtu.

Siku niliyolisogeza gari kwa mara ya kwanza, niliondoa mawe chini ya magurudumu, nikajaza upepo kwa pampu ya jirani, nikashusha breki ya mkono. Injini iliwaka mara moja, laini kabisa, Mama akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini gari lilikataa kwenda. Nilipokanyaga mafuta zaidi likatoa mlio, ta!, likaachia, likaanza kutembea kwa makelele ambayo yaliwatoa watu nje. Kulikuwa na kukwaruza, chuma kwa chuma. Na chini ya kukwaruza kulikuwa na mvumo mwingine, mzito, wa kudundadunda, ambao niliusikia mpaka kwenye meno.

Penye wengi pana mengi. Jirani wa kushoto alisema ni gia. Jirani wa kulia alisema paka amezalia ndani. Mzee mmoja wa kanisani, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema tuliombee kwanza.

Nikamwita fundi anayefanyia kazi kando ya barabara karibu na korti yetu, jamaa mchangamfu mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake. Alitembea kando ya gari hatua kumi, akainua mkono nisimame.

"Hiyo ya kukwaruza isikushtue, auntie. Ni kutu kwa diski za breki. Itaisha tu ukitembea. Lakini hiyo ingine ni beringi ya gurudumu. Hiyo nasikia hata nikiwa nimelala."

Kuhusu kutu alisema kweli. Nilizunguka korti mara kadhaa nikifunga breki, na kukwaruza kukafifia mpaka kukaisha. Beringi nikanunua, akaifunga, nikalipeleka gari mpaka Barabara ya Rabai na kurudi. Ule mvumo ulikuwepo vilevile, du-du-du, kama mtu anayetwanga kisamvu kwa nyumba ya pili. Fundi akakuna kichwa akasema labda ni beringi ya upande ule mwingine. Nilitaka kupiga kelele, lakini hata kelele inataka nguvu. Nikamwambia tuache, nitarudi wiki ijayo.

Wiki nzima nilikuwa na mawazo ya kuliuza. Nilipanga na maneno ya kumwambia Mama. Maneno hayo niliyasema kwenye ngazi za Pipeline nikipanda na mtungi wa maji, orofa baada ya orofa, na kila orofa yalisikika sawa. Mlangoni kwangu yalikuwa yameshakuwa upuuzi. Ningeuza gari, halafu Baba angefika vipi?

Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa ametoka, ana mkutano wa akina mama wa kanisa. Nilimkuta Baba kwenye kiti chake kando ya dirisha, ambapo huwa daima. Alikuwa amefungwa leso kiunoni, fundo nyuma ya kiti. Hii ilikuwa mbinu ya Mama. Mwezi wa kwanza baada ya hospitali, daktari wa mazoezi alikuwa ametuambia atembezwe kila siku, hata kama ni hatua kumi, hata kama analia. Siku ya nne akaanguka bafuni, Mama chini yake. Hakuna aliyevunjika, ila tangu siku hiyo Mama hakutaka tena kusikia habari ya kutembea. Alimlisha, akamsafisha, akampaka mafuta mguu ule uliolala, akamfunga leso asiteleze. Mimi nilijua si sawa. Nilinyamaza kwa sababu mtu aliyeketi hasumbui, na nilikuwa sina nafasi ya sumbuko lingine. Hilo silipambi.

Nje fundi alikuwa amefika na, kupitia dirishani, anaanza tena kunizungumzia beringi. Baba akainua mkono wake mzima, akaelekeza nje. Kisha akaelekeza sikio lake.

Lazima niseme kazi ya Baba ilikuwa nini. Tulipokuwa watoto Kaloleni, kabla ya kuhamia hapa, alikuwa akienda kazini na nyundo yenye mpini mrefu. Alipita kando ya mabehewa akigonga magurudumu, moja baada ya jingine, akisikiliza. Gurudumu zima hulia likaendelea kulia. Lenye ufa hujibu mara moja likanyamaza, kama chungu kilichopasuka. Miaka yote ile watu walilala kwenye treni usiku kucha kwa sababu ya masikio yake.

Nikafungua leso. Fundi akambeba Baba mgongoni mpaka kwenye gari, akamketisha mbele, yeye akaingia nyuma. Tukatoka polepole. Baba aliweka kiganja cha kushoto kwenye mlango, akafumba macho.

Mwanzo hakufanya lolote. Kisha vidole vyake vikaanza kugonga mlango, sambamba na ule mlio: du, du, du. Nilipopunguza mwendo, vikapungua. Nilipoongeza, vikaongeza. Akavusha mkono, akagusa kijiti cha gia, akanitazama. Nikaitoa gia, injini ikashuka, gari likaendelea kuteleza lenyewe. Vidole vyake havikubadilika. Si injini, basi, wala gia. Akaonyesha kushoto, nikapinda kushoto. Kulia, nikapinda kulia. Mlio haukubadilika. Beringi ikichoka, ukipinda uzito unahama na sauti inahama nayo. Hilo fundi alilijua, ila hakuwa amejisumbua kulijaribu.

"Aisee," alisema huko nyuma, kwa sauti ndogo.

Baba akakunja ngumi, akaizungusha hewani kama gurudumu. Kisha akaifungua, akakilaza kiganja bapa juu ya goti lake. Akafanya hivyo mara mbili, na mara ya pili akanitazama kwa ukali ule wa zamani, wa mtu anayemfundisha mtoto hesabu. Sikuwa nimeuona ukali huo miezi kumi na minne. Nililia nikiendesha, na fundi akawa na adabu ya kutazama dirishani.

Tuliporudi, Mama alikuwa amesimama getini, Biblia kwapani, uso umemshuka. "Mmemtoa?" aliuliza. "Nani aliwaambia mmtoe?"

Fundi, aliyekwisha kuielewa ile ngumi na kile kiganja, alipiga jeki, akainua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa mkono mbele ya jiwe alilolisimamisha karibu na tairi. Tairi lilipita karibu na jiwe, karibu, karibu, kisha likaacha nafasi, kisha tena karibu. Akalisimamisha, akamwonyesha Mama. Palikuwa na bapa upana wa kiganja. Akaenda la pili, la tatu, la nne. Yote manne yalikuwa na bapa, kila moja pale lilipokuwa limekalia miezi yote.

"Lakini niliwasha kila Jumamosi," Mama alisema. "Sikuruka hata moja."

"Na ulifanya poa, mathe. Injini haina noma hata kidogo, iko kama mpya. Ni miguu ndiyo imelala." Fundi alikuwa akijifuta mikono, hakuwa akimtazama. "Gari si ya kuwasha tu. Ilikuwa itembezwe. Hata kama ni hapo kwa geti na kurudi."

Mama alitazama tairi, akamtazama Baba kupitia kioo, akatazama leso iliyokuwa begani kwangu, bado imekunjamana pale penye fundo. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilinyamaza, tuko wawili. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na Biblia yake mpaka fundi alipoondoka kutafuta matairi. Kisha akainuka, akaja mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa Baba.

Nilidhani anataka nimwite jirani tumbebe.

"Shika upande ule," aliniambia.

"Mama, na akianguka?"

"Akianguka tutamwinua. Shika."

Tukamwinua. Alikuwa mzito. Mguu wa kushoto ukaenda mbele. Mguu wa kulia ukafuata kwa kuburutwa, kiatu kikikwaruza saruji, sauti mbaya iliyonifanya nitake kufumba macho. Baba alisimama, akanitazama kwa aibu.

"Hiyo isikushtue," Mama alimwambia. "Ni kutu. Itaisha ukitembea."

Akavuta mguu tena, ukakwaruza tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Jirani wa kushoto alikuwa ametoka mlangoni na kikombe cha chai, ameshindwa kuinywa.

"Nyumbani," Baba alisema.

"Tutafika," Mama akajibu, akihema. "Leo ni hapo kwa geti na kurudi."