Paa Kwanza, Mnara Baadaye

Watu wa bonde la Mangarua hudhani intaneti hunyesha yenyewe kama mvua. Ikiwepo hakuna anayeshukuru. Ikikatika, wote wanaijua njia ya nyumbani kwa Rawinia Paewai. Ukiona vyaelea vimeundwa, na vya Mangarua viliundwa na mwanamke huyu aliyechambua manyoya ya kondoo kwenye mabanda ya wakata manyoya mpaka mgongo ulipomwambia basi. Ndipo akajifunza mambo ya redio, akasimamisha mnara kwenye kilima cha ukoo, akaanza kupanda mapaa ya watu.

Kazi yenyewe si uchawi. Kila paa lina redio ndogo inayoutazama mnara. Ikiupoteza, huanza kuutafuta: inasikiliza chaneli hii, haioni kitu, inahamia ile, mpaka iusikie tena. Chaneli za kutafutia huwekwa kwenye orodha, na mwenye kuipanga ni Rawinia. Orodha ikiwa ndefu, redio hukawia kurudi, na pengine hujishikiza kwa mnara wa watu wengine. Ikiwa fupi hurudi upesi, lakini mnara ukihamia chaneli nyingine, imekula kwako. Kwa hiyo alikuwa na kanuni aliyoihubiri kama mlokole: paa kwanza, mnara baadaye. Mpe kila mtu chaneli mpya kwenye orodha yake, ndipo uuhamishe mnara.

Asubuhi ya kumzika Te Paea, mhubiri mwenyewe aliivunja.

Te Paea alikuwa mama yake mkubwa. Alikuwa amelazwa kwenye marae, uwanja na nyumba ya mikutano ya ukoo, jeneza wazi na wanawake wamemzunguka, kama tunavyowalaza watu wetu wote. Ndugu yake pekee aliyebaki, Haami, alikuwa Perth, ng'ambo ya bahari, akiishi kwa mashine ya kusafisha damu; madaktari walimkatalia kupanda ndege. Alikuwa akimtazama dada yake kwenye tableti iliyoshikwa na Mereana, binamu yake Rawinia. Hakuwa na ombi jingine ila kumuaga kabla ya kifuniko. Kikishafungwa hakifunguliwi, hata aje nani.

"Mwanangu," aliita kwenye tableti, "namwona dada vipandevipande. Mara pua, mara maua."

Hewani kulikuwa na kelele siku ile, pengine mtambo mpya wa mtu nyuma ya vilima. Rawinia alikuwa jikoni palepale marae akikanda unga wa mikate ya kukaanga. Akafuta mkono mmoja, akatoa simu, akauingia mnara kupitia redio ya marae, akachagua chaneli tulivu na kuuhamisha. Mapaa yote yana orodha ndefu, alijiambia, yatafuata yenyewe.

Yakafuata, isipokuwa moja. Majira ya baridi yaliyopita redio ya marae ilikuwa ikitorokea mnara wa mbali, na Rawinia kwa hasira akaiachia chaneli moja tu. Tena, kwa kuwa vijana wa ukoo walikuwa wakiichezea, aliifunga isiweze kufunguliwa kutoka ndani ya nyumba. Ni kupitia mnara tu. Sasa mnara umehama, redio inasikiliza kulekule ulikokuwa, na bonde lile halina mtandao mwingine wa simu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mereana aliingia jikoni mbio, tableti mkononi. "Rawi, mjomba kapotea!"

"Najua."

"Anarudi saa ngapi?"

"Harudi. Nimempoteza mimi."

"Kifuniko kimeshaletwa, dada! Wasemaji wakimaliza tu, basi."

Rawinia akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ili aufikie mnara alihitaji redio iliyoufuata, na ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto, kwa Graeme Sutcliffe, mfugaji waliyenuniana naye tangu auite mnara wa Rawinia kigingi cha kujikunia ng'ombe.

"Nani hajasema bado?" aliuliza.

"Baba mdogo Tūroa peke yake."

Wakatazamana. Mzee Tūroa akianza nasaba, chai hupoa na watoto hulala. Lakini kwetu msemaji akishasimama, hakuna wa kumkatiza. Rawinia alimfuata kwenye benchi, aproni na unga wake vilevile.

"Baba mdogo, leo usifupishe."

"Nini?"

"Hotuba. Irefushe."

"Miaka yote kabla sijasimama mnaninong'oneza nifupishe. Leo mmelogwa?"

"Mjomba Haami amekatika, na kosa ni langu. Nipe nafasi nimrudishe."

Mzee akalitazama jeneza, akaikamata fimbo yake. "Nianzie wapi?"

"Anzia kwenye mtumbwi uliowaleta mababu."

"Haya, nenda. Na uendeshe vizuri, sina nguvu ya mazishi mawili."

Graeme alikuwa nyumbani kwake, mbele ya kioo, akifunga tai ya msibani. "Intaneti yako ilikatika asubuhi hii," alianza, salamu hakuna.

"Kompyuta iko wapi?"

"Rawinia, viatu vyako vina tope."

"Kesho nitakuja kukupigia deki nyumba nzima, Graeme. Kompyuta!"

Akampisha. Kwa kompyuta hiyo Rawinia aliufikia mnara na kuurudisha kwenye chaneli ya zamani, unga ukibaki kwenye vitufe. Papo hapo kompyuta ikapoteza mawasiliano, kwa sababu mnara ulikuwa umemhama Graeme naye. Hakuwa na njia ya kujua kama marae imerudi, ila kwenda kuona kwa macho.

"Sasa umenikata tena?"

"Utarudi. Una orodha ndefu kuliko wote, maana unalalamika kuliko wote. Panda gari, twende tukamzike."

Walipofika, Tūroa alikuwa bado amesimama, sauti imekauka, na hakuwa amewafikia hata mababu waliozaliwa bondeni. Mereana ameketi kando ya jeneza. Kwenye tableti uso wa Haami ulikuwa umerudi, vipandevipande kama mwanzo, na safari hii Rawinia hakugusa kitu. Mzee alimwona mlangoni, akamalizia sentensi, akaketi. Wanawake wakaimba wimbo wa kuifunga hotuba yake.

"Nipelekeni karibu," Haami alisema.

Mereana akaiinamisha tableti juu ya uso wa Te Paea. Haami alimwita dada yake kwa jina la utotoni, akamwomba radhi kwa kutokuja. Kisha kioo kikawa cheusi.

 Intaneti imekufa tena, Rawinia alidhani, na wanaume wa kifuniko wameshainuka. Akaruka kuishika tableti, mdomo wazi tayari kupiga kelele, ndipo akasikia mtu anapumua. Pumzi nzito, taratibu, ya mtu anayelia.

Mereana aliusukuma mkono wake kando. Akaishusha tableti polepole mpaka kioo kikaigusa pua ya marehemu, akaiacha hapo. Mtandao haukuwa umekatika. Kule Perth, Haami alikuwa ameinama kwenye simu yake na kulaza pua na paji la uso juu ya kioo, kama watu wetu wanavyosalimiana na kuagana.