Ita Mara Mbili, Kisha Ushike

Kila Alhamisi Mzee Breki alikuwa anakufa. Alikufa ameketi, mkanda kiunoni, shati jeupe limenyooshwa na mkewe kwa pasi. Akishakufa alifungua mkanda, akateremka ngazi, akanywa chai, kisha akamgombeza rubani aliyemwacha afe na ndege nzima.

Usishangae, ndiyo ilikuwa kazi yake. Alirusha ndege za abiria mpaka mvi zikamjaa kichwani, halafu shirika likampa ukuu wa usalama. Jina la Breki walimpachika marubani wenyewe, kwa uchungu, maana mzee huyo alikuwa anaweza kuzuia ndege iliyojaa watu kwa sababu ya tairi ambalo yeye peke yake hakulipenda. Abiria wakija juu, aliwajibu, "Nilaumu tu, ndugu yangu. Maiti halaumu mtu." Hakuwa na dogo.

Lakini hakuzaliwa hivyo. Ujana wake alikuwa mtu wa mizaha, tena mizaha ya kupitiliza. Kilichombadilisha ni ajali ya rafiki yake, kapteni mwenzake aliyeanza naye kazi. Ndege ya rafiki huyo iliingia mlimani ndani ya wingu na hakupona mtu. Breki aliwekwa kwenye kamati ya uchunguzi, akafungiwa ndani ya chumba kidogo, akavaa visikilizio masikioni na kusikiliza kinasa sauti kilichookotwa kwenye mabaki.

Akamsikia rubani msaidizi, kijana, akisema, "Mzee, naona tuko chini kidogo." Kimya. "Mzee, labda tungepanda?" Kimya. Kapteni alikuwa amezimika kwenye kiti chake, moyo umemsaliti, na kijana hakujua. Akaendelea kumwita, na kila akiita anazidisha adabu, kana kwamba mzee amenuna tu. Na mbele yake palikuwa na usukani mzima kabisa, wa kwake, angeuvuta wakapona wote. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Samahani, mzee."

Breki alivua vile visikilizio, akaenda chooni, akafungulia bomba la maji ili wenzake wasimsikie akilia.

Baada ya hapo akaleta sheria yake. Ita mara mbili. Kapteni asipojibu, sema "Naongoza mimi," ushike usukani, basi, hakuna ya tatu. Na kwa kuwa maneno matupu hayamfunzi mtu, akaitungia mtihani. Shirika lilikuwa na simuleta, chumba cha rubani cha mazoezi kilichosimama juu ya miguu ya chuma, kinachotikisika na kuinama kama ndege yenyewe. Breki aliketi kiti cha kapteni, mtahiniwa pembeni yake, fundi wa mitambo nje akiwaletea mawingu na upepo. Katikati ya safari Breki ananyamaza. Amekufa.

Tena alikuwa na vitimbi vya maiti. Anakoroma, anaangusha kichwa, anamvuta mwenzake shati. Kabla ya kuanza aliwaambia wote maneno yaleyale: "Hata nikilia, usinitazame mimi. Mimi ni marehemu. Tazama ndege mpaka magurudumu yatulie chini."

Sasa palikuwa na binti mmoja, rubani msaidizi, waliyemwita Shikamoo. Aliamkia walinzi, aliamkia wafagiaji, ukipishana naye mara tano atakuamkia mara tano. Mkono wake kwenye usukani ulikuwa mwepesi na wa uhakika kuliko wa wenzake wote, na Breki, aliyemfundisha tangu mwanzo, alilijua hilo. Ila mzee akishakufa tu, binti anaanza: Mzee? Mzee? Mzee, samahani? Mpaka ardhi inawapokea. Alishindwa mara ya kwanza. Akashindwa ya pili. Akishindwa ya tatu, kwa utaratibu wa shirika, hangerusha tena.

"Kwani usukani unakuuma?" Breki alimuuliza wakinywa chai.

"Nawezaje kukunyang'anya, mzee? Ni sawa na kumpokonya baba kijiko akiwa anakula."

"Baba mwenyewe amekufa, kijiko cha nini? Heshima si utumwa, mwanangu. Na ngoja ngoja huumiza matumbo, sisi yetu inaua watu."

Akamwonyesha tena, palepale mezani, kama anavyofundishwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kapteni anayekabidhi ndege huachia usukani na kuinua mikono, viganja wazi, ili pasiwe na shaka nani anaongoza. Anayepokea lazima aseme, kwa sauti, "Naongoza mimi." Binti akasema. Mezani alisema vizuri sana.

Ikafika Alhamisi yake ya tatu. Breki alipanga afe wakati wa kuteremka, kwenye wingu zito. Lakini walikuwa bado wako juu, kweupe, mkono wake wa kulia ulipodondoka mapajani. Akadhani umekufa ganzi. Akataka kusema, "Subiri kidogo," na ulimi ukalala tu kinywani, hautaki. Hapo ndipo alipoogopa.

"Mzee, mwendo unapungua," binti akasema.

Alimsikia vizuri. Hakuweza kumjibu.

"Kapteni, mwendo unapungua."

Kapteni, si mzee. Breki, pamoja na hofu yote ile, akajikuta anangoja. Sasa atasema samahani, akawaza. Sasa ataniua tena.

"Naongoza mimi."

Akaushika usukani. Lo, ile furaha. Ilimpanda kifuani humohumo mlimokuwa na hofu, vikabanana. Akataka kumwambia amefaulu, aache, aite watu. Ikatoka sauti ya kukoroma. Binti hakugeuka. Breki akanyoosha mkono wa kushoto akamvuta shati. Binti akausukuma ule mkono taratibu, macho kwenye vipimo vya ndege, kama alivyofundishwa. Kwenye visikilizio fundi akacheka: "Leo mzee anakufa kwa kipaji." Breki akabaki hapo akitazama vile vidole vya binti vikifanya kila kitu sawasawa, hatua kwa hatua, bila haraka, na haraka ndiyo aliyoihitaji yeye.

Magurudumu yakagusa, yakatulia. Fundi akapiga makofi. Binti akageuka, uso wote kicheko, akamwona mzee mdomo umekwenda upande na mate yanachuruzika.

Hakufa. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, pamoja na maneno. Daktari mmoja, bila kuangalia nani amesimama karibu, alisema ukumbini kwamba angewahishwa, huenda angesema. Aliyesimama karibu alikuwa Shikamoo.

Mkewe alimweka sebuleni karibu na dirisha, akamlisha, akamtania kama zamani. "Umewasema watu miaka yote, baba watoto. Sasa zamu yetu kukusema wewe." Akienda jikoni alikuwa anakawia, na akirudi macho yalikuwa mekundu.

Siku moja binti akaja, bila sare.

"Shikamoo, mzee."

Akangoja marahaba. Haikuja. Akachuchumaa mbele ya kiti, akaweka magotini kwa Breki beji yake ya mabawa, alama ya urubani.

"Nimekuja kukuaga. Nimeacha kazi. Ulinivuta shati, mzee. Uliniita na mimi nikakusukuma, kwa sababu nilitaka kufaulu."

Breki alikuwa na jibu. Angekuwa nalo mtu yeyote aliyesikiliza kinasa sauti kile: ingekuwa ndege ya kweli, abiria wote wangeshuka na mabegi yao na kurudi kwa watoto wao, na yeye angekuwa maiti mmoja tu, mwenye furaha. Umefanya nilichokuomba. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wake siku hiyo ulikuwa jiwe.

Akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki. Kiganja wazi, vidole vimenyooka, akaushikilia hewani.

Binti aliuelewa. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaurudisha magotini polepole, juu ya beji.

"Samahani, mzee," akasema.

Akainuka, akaenda kuvaa viatu mlangoni. Breki akauinua mkono mara ya pili.

"Ona, anakuaga," mke akamwambia binti, akafurahi kwamba mgonjwa leo ameonyesha kitu. "Mpungie na wewe, mwanangu."

Binti akapunga, akafunga mlango. Mkono ulibaki juu mpaka mke alipokuja na uji, akauteremsha ili apate kumfunga kitambaa shingoni.