Mkutano wa Adhuhuri Penye Makaburi ya Soko

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, jua likiwa utosini na ziwa limetulia kabisa. Kwa kuwa umeniambia unataka kugombea udiwani hapa mjini Baraka, Fizi, keti kwanza nikusimulie yaliyompata Wilondja, mtoto wa kaka yangu.

Wilondja alisoma Bukavu, akarudi kugombea na maneno mazuri. Kwenye kipaza sauti aliahidi kuondoa msongamano wa barabara ya soko, kutunza urithi wetu, na kusikiliza watu. Tukampigia makofi. Mimi shangazi yake nilipiga kuliko wote.

Msongamano ulikuwa wa kweli. Malori ya kutoka Uvira na pikipiki za abiria vilibanana kutwa nzima penye makaburi ya zamani. Makaburi yale hayana misalaba wala saruji, ni mawe tu katikati ya majani marefu. Wamo wazee wetu wa kale, na wamo waliozikwa haraka wakati wa vita, ambao hata majina yao hatukuyapata. Wilondja alitaka barabara mpya ipite hapo. Mifupa ingehamishwa, ukajengwa ukumbusho. Akatuita palepale tutoe maoni, lakini vigingi vya kupimia alikuwa ameshavichomeka.

Alipomaliza kueleza akauliza, "Nani iko na neno?"

Ndipo tukasikia, nyuma yake, ndani ya majani, mtu anakohoa kidogo, vile wazee wanavyosafisha koo kabla ya kusema mkutanoni. Wilondja akageuka. Hapakuwa na mtu. Akakohoa mwingine, upande wa kushoto. Kisha mwingine, na mwingine, taratibu, kila mmoja kama anangoja zamu yake. Majani hayakutikisika. Mama mmoja karibu yangu alimfunika mtoto wake uso kwa kitenge.

"Shangazi," Wilondja aliniita, akitaka kujua wale ni akina nani, "ni banani bale?"

Nikamjibu, "Ni bale haukuuliza."

Nilidhani atakimbia. Watu wengine walikwisha kuanza kurudi nyuma. Yeye aliweka kipaza sauti chini, akavua viatu, akaketi vumbini akiyatazama makaburi, mgongo wake kwetu sisi wapiga kura. Akakaa hivyo mpaka kukohoa kukaisha.

Hapo ndipo watu walipoanza kusema kweli. Akasimama mwendesha pikipiki mmoja, kijana mwenye mabega mapana.

"Mi nikifika hapa nazima pikipiki, nasukuma," alisema. "Kama sizime, nasikia muntu anapanda nyuma yangu. Tairi inashuka. Nikifika kule mwisho, anatelemuka."

Wenzake wakainamisha vichwa. Wote walikuwa wanafanya hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake. Kumbe malori yalikuwa yanakwama nyuma ya watu wanaosukuma pikipiki.

Kisha mjane mmoja akasema mume wake yumo mle, hajui chini ya jiwe gani, kwa hiyo huyasalimu yote. "Mukihamisha," akauliza, "mutanipa yupi?"

Wilondja aling'oa vigingi kwa mikono yake mwenyewe. Baada ya hapo akapita nyumba kwa nyumba, bila kipaza sauti, na huko ndiko lilikotoka wazo kwamba malori yashushe mizigo nje ya mji. Wenye malori walikasirika. Kura zilipohesabiwa, alishindwa. Alilia mbele yangu, sitakuficha. Lakini tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuchomeka kitu pale, na familia zenyewe zimepazungushia ua. Waendesha pikipiki bado wanasukuma. Ila sasa, wakipita, wanawaamkia waliozikwa mle.

Mwanangu, usiwaite watu kutoa maoni juu ya jambo ulilokwisha kuliamua. Nenda kwao kabla hujapima. Muulize anayeuza kando ya barabara, muulize anayeipita, na usimsahau anayelala chini yake. Ukisikia jibu usilolipenda, keti ulisikie lote, hata kama litakunyima kiti.

Mungu akupe moyo usio na haraka. Akufungulie milango ya watu wa Fizi, wa milimani na wa ziwani, na kila nyumba utakayoingia uache amani. Amina.